Ripoti ya Mwalimu Adalbert

Adalbert Kisimba alifika Kalemie mwaka wa sabini na moja kwa treni ya kutoka Kongolo, akiwa na miaka ishirini na sita, sanduku moja la nguo, na jingine, zito zaidi, la randa na patasi. Useremala alifunzwa na mabruda wa misheni kwao Kongolo, kisha akapelekwa Lubumbashi kusomea ualimu. Karatasi iliyokuwa mfukoni mwake ilimtuma kwenye chuo cha ufundi kilichokuwa mlimani, akafundishe mwaka wa tano na wa sita wa sehemu ya useremala, yaani wale wa mwisho kabisa, wanaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali.

Hakuna aliyemwonya kuhusu wanafunzi hao. Alikuwa ametegemea watoto. Asubuhi ya kwanza alipofungua mlango wa atelie, yaani karakana ya shule, alikuta wanaume kumi na wanane wamekaa juu ya meza za kazi, wengine na ndevu, mmoja anavuta sigara dirishani. Wengi wao walichelewa shule kwa ajili ya vita vya miaka ya sitini. Mmoja, Amisi, kijana wa familia ya Waislamu wa upande wa bandari, alikuwa tayari ana mke na mtoto. Ndiye aliyeanza kusema.

"Papa mwalimu, na we uko na miaka ngapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Adalbert alikwenda kwenye rundo la mbao. Alichukua ubao wa mulombwa, akaubana mezani, akaupitisha randa mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho, na utepe mmoja mrefu wa maranda ukatoka bila kukatika, ukajikunja hadi sakafuni. Akauokota, akampa Amisi.

"Nitakuambia siku utakayonitolea mwingine kama huu."

Ilimchukua Amisi wiki tatu. Alipoutoa, aliubeba kwa viganja viwili, akautua juu ya daftari la mwalimu.

"Ishirini na sita," Adalbert akasema.

"Mimi ishirini na mbili. Basi sisi ni sawasawa tu," Amisi akajibu, na tangu siku hiyo hakuna aliyevuta sigara ndani ya atelie.

Aliupenda umri ule. Hawakuwa watoto wa kufokewa, wala hawakuwa bado wanaume wa kuficha wasichokijua. Kijana wa miaka kumi na minane anaweza kukubishia asubuhi nzima kwamba kiungo chake cha mbao kimekaa sawa, na mchana akakiri mwenyewe, mbele ya wenzake, kwamba kinacheza. Adalbert alizoea kubaki nao hata baada ya kengele. Mwaka uliofuata majina ya Kizungu yalipokatazwa, kwenye daftari la shule akawa Sitwayen, yaani Raia, Kisimba, ila ndani ya atelie, mlango ukiwa umefungwa, alibaki Papa Adalbert, nao wakabaki na majina waliyobatiziwa. Mwaka wa sabini na tatu alimwoa Clémentine, msichana wa kutoka Moba aliyekuwa muuguzi hospitalini, kwenye wodi ya waliopasuliwa. Watu waliomfahamu Adalbert siku zile wanasema alikuwa mcheshi. Alipiga mluzi akipanda mlima kwenda kazini.

Anatole alikuja mwaka wa sabini na nne. Alitoka Zongwe, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwenye njia ya Moba, na mama yake, Mama Bibiane, alikuwa mjane mwenye kukausha samaki. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye maneno mengi, na jicho ambalo Adalbert hakupata kuliona kwa mwingine. Ungempa ubao, angekuambia upana wake kabla hujachukua mita, na mita ingemkubalia. Wenzake walimfanyia majaribio hadi wakachoka. Kufikia mwaka wa sita, Adalbert alikuwa amezoea kumwachia kazi ngumu, kama unavyomwachia fundi mwenzako.

Mwezi wa Mei mwaka wa sabini na sita, shule iliambiwa itengeneze mabenchi arobaini ya jukwaa la wakubwa, kwa sikukuu ya Chama kilichotawala nchi, ya tarehe ishirini. Zilibaki siku kumi na mbili. Masomo ya ubao yakasimama, atelie nzima ikawa ni kupasua mbao na kugonga misumari. Msumeno wa umeme, ule mkubwa wa duara, ulikuwa na kifuniko cha kukinga mikono. Mbao za mabenchi zilikuwa pana, hazikupita chini yake, kwa hiyo Adalbert mwenyewe alikifungua siku ya kwanza. Alikusudia kukirudisha kila jioni. Siku ya tatu hakukirudisha tena, kwa kuwa kesho yake kingefunguliwa vilevile.

Alhamisi, kama saa nne ya asubuhi, tarishi wa zamu kutoka biro, ofisi ya shule, alisimama mlangoni.

"Prefe anakuita. Ni ya haraka."

Prefe ndiye mkuu wa shule. Anatole alikuwa kwenye msumeno, ubao nusu ndani, nusu nje. Akainua macho kumwangalia mwalimu wake, kuuliza kama azime.

"Endelea," Adalbert akamwambia. "Ninarudi sasa hivi."

Jambo la haraka lilikuwa orodha ya watakaotembea kwenye defile, yaani gwaride la sikukuu, majina yaliyotakiwa kupangwa kwa urefu wa watu. Adalbert alisimama mbele ya meza ya prefe akitaja nani mrefu na nani mfupi. Kutoka pale ofisini sauti ya msumeno ilisikika vizuri, ikipanda ubao ukiingia, ikishuka ubao ukitoka. Ilipofika jina la kumi na moja au la kumi na mbili, sauti ile ilibadilika kidogo, kisha mashine ikazimwa. Hakukuwa na kelele yoyote. Ni hicho kimya kilichomfanya atoke mbio bila kuaga.

Vidole vitatu vya mkono wa kuume vilikuwa vimekwenda. Emile, mwenzake Anatole wa darasani, alikuwa amevua shati na kuuzungushia mkono ule, na shati lilikuwa limelowa tayari. Anatole alikuwa ameketi sakafuni, akitazama mbele, midomo myeupe. Walimlaza kwenye kigari cha kubebea mbao wakamshusha nacho mlimani hadi hospitali, Adalbert akishika mpini mmoja na Emile mwingine. Njiani Anatole alisema jambo moja tu.

"Papa, ubao ulikuwa na fundo. Sikuliona."

Clémentine alikuwa kazini. Alimpokea kijana, akamtazama mumewe mara moja, akafunga mlango wa chumba cha upasuaji.

Kesho yake asubuhi ripoti ilikuwa imekwisha kuandikwa. Prefe aliigeuza juu ya meza ili Adalbert aisome. Haikujaza hata nusu ukurasa. Ilisema kwamba mwanafunzi, wakati mwalimu ameitwa kwa kazi ya shule, aliwasha mashine bila ruhusa, akaiondoa kinga yake, akajiumiza kwa utovu wa nidhamu. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi mbili, na ya prefe ilikuwa imewekwa.

Adalbert aliisoma mara mbili.

"Lakini ni mimi nilimwambia aendelee."

"Nimesikia," prefe akasema. Hakuwa mtu mkali. Alionekana kama hakulala. "Andika hivyo, basi. Kesho wanafunga atelie. Vijana kumi na wanne watakosa mtihani, zimebaki wiki tano. Mabenchi hayatafika, na watu wa Chama watauliza kwa nini, na siku hizi unajua wanavyouliza. Na we utakwenda wapi, Sitwayen Kisimba?"

"Na yeye?"

"Yeye vidole havirudi, tuandike hivi ama vile."

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, darasa moja la chini lilikuwa likifanyishwa mazoezi ya nyimbo za Chama. Adalbert alichukua kalamu, akatia sahihi. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka moyo wake ulikuwaje dakika ile, alichokumbuka ni kwamba wino ulikuwa wa kijani, na kwamba aliona ajabu kidogo prefe kutumia wino wa kijani.

Alitegemea majuto yangempata baadaye. Alitegemea usiku asilale, au avunjike kulia mahali fulani. Alilala. Mabenchi yalimalizika tarehe kumi na tisa, na tarehe ishirini alitembea kwenye defile mbele ya vijana wake kumi na watatu, mguu kwa mguu na ngoma, na kichwani mwake alikuwa akihesabu hatua.

Hospitali alikwenda mara moja tu. Anatole alikuwa amegeukia ukutani, ama amelala, ama anajifanya. Mama Bibiane, aliyekuja kwa mtumbwi kutoka Zongwe, aliinuka akamfutia mwalimu kiti kwa pembe ya kitenge chake.

"Asante kumuleta hapa upesi, Papa. Wananiambia mulimusukuma mwenyewe."

"Pole, Mama," Adalbert akasema. Akakaa kwa muda unaompasa mgeni kukaa, akatoka.

Baada ya wiki mbili kijana alifutwa shule kwa utovu wa nidhamu, kama ripoti ilivyotaka. Mtihani hakuufanya. Alirudi Zongwe na mama yake, na Adalbert akayasikia hayo kwa Emile.

Jioni moja ya mwezi ule Clémentine alikuwa akichambua mchele uani. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Siku ile we ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwa prefe."

"Na yeye alikuwa anafanya nini?"

"Aliwasha mashine peke yake."

Clémentine aliendelea kuchambua. Alitupa vijiwe viwili vitatu upande wa pili wa ukuta, akainuka, akaenda kuweka sufuria motoni. Hakuuliza tena.

Basi Adalbert akafundisha. Alirudisha kifuniko cha msumeno kwa boliti nne, na kazi isiyopita chini yake haikufanyika. Alinunua kufuli la kisanduku cha umeme, ufunguo akauvaa shingoni. Akitoka atelieni, hata kama ni kwenda kukojoa, umeme ulikatwa, na vijana wote walitolewa nje wakasimama uani wakimngoja. Walimpa jina la Papa Funguo. Hakuna mwanafunzi aliyepoteza hata ukucha kwake tena, na mkaguzi aliyekuja kutoka Lubumbashi aliandika kwamba atelie ya Kalemie ilikuwa ya mfano katika jimbo zima.

Somo la kwanza la mwaka lilikuwa lilelile. Huu ni msumeno, una meno sabini na mawili, unazunguka mara elfu tatu kwa dakika, hauna macho. Alilisema kila mwezi wa Septemba kwa maneno yaleyale, akivuta pumzi palepale. Vijana waliokuwa wakirudia mwaka walilijua kwa moyo, na wakati mwingine mmoja alilitamka naye kwa midomo tu, nyuma, akiwachekesha wenzake. Adalbert aliona, hakumkemea. Hapo zamani angelicheka, au angelimwita mbele afundishe yeye.

Vijana walipita. Miaka ile ya themanini sura zilianza kufanana, huyu akawa na pua ya yule wa mwaka juzi, yule na ubishi wa mwingine. Mjini aliamkiwa na mafundi, na wafanyakazi wa reli, na makarani. "Shikamoo Papa Adalbert, unanikumbuka?" Alisema ndiyo. Waliomwalika arusini aliwaitikia, akaenda, akaketi meza ya wazee, akala, akarudi nyumbani mapema. Walikuja pia kumwambia siri zao, kama vijana wa umri huo wanavyozitafutia mtu, kwamba msichana ana mimba, kwamba baba anataka waache shule wakavue. Aliwasikiliza hadi mwisho na kuwapa jibu lililofaa. Wakiondoka hakuwa akibaki na kitu.

Telegramu ya kifo cha mama yake ilimkuta darasani, mwaka wa themanini na tatu, akichora kiungo cha mkia wa njiwa ubaoni. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akamaliza kuchora. Alieleza pembe, akauliza maswali, akasahihisha madaftari ya safu ya mbele. Vijana wale walijua habari kesho yake, walipoambiwa mwalimu amepanda treni ya Kongolo, na wengine wakasema yule si mtu, ni ubao. Hawakusema kwa ubaya.

Binti yake Emilie alizaliwa mwaka wa sabini na minane, akakua, akaenda shule kwa masista. Alikuwa mtoto mwenye kupenda kusimulia. Adalbert alimtengenezea kitanda, kisha meza ya kusomea, kisha kitanda kikubwa zaidi, vyote bila kasoro. Siku moja, akiwa na miaka kama tisa, alimsimulia baba yake kisa kirefu cha ugomvi wa shuleni, na katikati akanyamaza, akamgeukia mama yake.

"Mama, Papa ananisikia?"

"Ninasikia," Adalbert akasema, na akayarudia maneno yake matatu ya mwisho kuthibitisha. Emilie alimwangalia, akaenda kumalizia kisa chake jikoni.

Kisha nchi ikaanza kulegea. Mbao zilikuja chache, halafu zikaacha kuja, vijana wakawa wanafanya mazoezi ya kiungo kwa kuunganisha na kutenganisha vipande vilevile hadi vikachakaa. Mashine moja ilikufa, kisha ya pili. Mwaka wa tisini na moja walimu waligoma kote, mageti yakafungwa karibu mwaka mzima. Adalbert alipanda mlima kila asubuhi vilevile. Mlinzi alimfungulia. Alifungua madirisha ya atelie, akakaa kwenye kiti chake hadi saa sita, akayafunga, akashuka. Clémentine alimuuliza anakwenda kufanya nini. Alisema vumbi likiachwa linakula vyuma.

Anatole alirudi mwezi wa Juni mwaka wa tisini na tatu, mchana, saa vijana walipokuwa wakifagia. Mwanaume wa miaka thelathini na sita alisimama mlangoni, mnene kidogo, shati limefuliwa vizuri, mkono wa kuume ndani ya mfuko wa suruali. Adalbert alimtambua kwa jinsi alivyoitazama atelie, akianza na dari, kama mtu anayeipima.

"Papa Adalbert. Ni mimi, Anatole wa Zongwe."

"Ninakuona. Ingia."

Vijana walitolewa nje. Anatole akatoa mkono mfukoni ili amsalimie, na Adalbert akaushika, kidole gumba na kidole kidogo, na katikati ngozi laini iliyong'aa. Walikaa pande mbili za meza moja ya kazi. Anatole alieleza habari zake haraka, kwa maneno mengi kama zamani. Mama yake alikuwa hai bado, macho tu ndiyo yamedhoofika. Yeye alijifunza upya kushika shoka, kwa kushoto, miaka miwili. Sasa alikuwa akiunda mitumbwi mikubwa ya mbao, ya kutia mashine, inayokwenda hadi Moba. Watu waliisifu.

"Niko na vijana sita ninaowafundisha. Wa miaka kumi na saba, kumi na minane, hivyo. Hawakufika mbali na shule. Mimi ninakata kwa jicho, unanijua, lakini jicho siwezi kumupa mutu. Ninawaambia, kata hapa, wanauliza kwa nini hapa, na mimi sijui kusema. Wanahitaji kujua kuchora. Plan, vipimo. Nikafikiri, Papa Adalbert likizo hana kazi. Aje Zongwe mwezi moja. Kula na kulala ni kwangu."

Adalbert alikuwa akitazama meza.

"Anatole. Ile ripoti."

"Ndiyo."

"Ni mimi niliitia sahihi."

"Najua, Papa."

"Niliandika uliwasha mashine bila ruhusa."

"Najua ulichoandika. Walituletea kopi hospitali. Mama hajui kusoma, njo mimi nilimusomea. Nilisoma mpaka jina lako, na mama akasema, soma tena, umekosea."

Nje vijana walikuwa wakipiga mpira wa vitambaa, wakifukuzana. Adalbert alingoja. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amedhani kwamba siku maneno hayo yakisemwa, kitu kingepasuka ndani yake. Hakikupasuka kitu.

"Na haukusema kitu," akasema.

"Nilisema! Nilisema kwa mama, nilisema kwa mama Clémentine, nilisema kwa mugonjwa wa kitanda cha pembeni. Nilisema mpaka nikachoka. Nani angesikia? Nilikuwa mutoto wa Zongwe."

"Unanichukia?"

Anatole alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa upana wa ubao.

"Nilikuchukia sana, miaka saba, minane. Kiisha nikapata kazi nyingi." Akaangalia msumeno uliokuwa kwenye kona, wenye kutu. "Ningekuwa... Tuache. Sikukuja kwa ile, Papa. Nilikuja kwa plan. Utakuja ama hautakuja?"

"Nitakuja," Adalbert akasema.

Nyumbani alimweleza Clémentine, wakiwa wamekaa mezani na chakula kimepoa. Alieleza yote, na kifuniko cha msumeno, na neno "endelea", na orodha ya defile. Clémentine alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kijana alinieleza wakati ule ule," akasema, "nikimufunga bandeji. Siku ya pili."

"Na ulikaa hivi? Miaka hii yote?"

"Nilikuuliza, Adalbert. Ulinijibu. Nilikuwa nangoja ubadilishe jibu." Akavuta sahani ya mumewe, akamwongezea samaki. "Kula. Kiisha tutatafuta nguo za safari. Zongwe kuna mbu wengi."

Mwezi wa Agosti alipanda boti, akaenda. Sehemu ya kazi ya Anatole ilikuwa ni kibanda cha nyasi kisicho na kuta, karibu na maji, na mtumbwi mmoja nusu umeundwa, mbavu nje. Vijana walikuwa sita kweli, watano wa kiume na msichana mmoja, Godelieve, binti wa ndugu yake Anatole, aliyekuwa na miaka kumi na minane na mikono mikubwa. Walimketisha mwalimu kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Hapakuwa na ubao wa kuandikia. Anatole alisimamisha ubao mpana wa kujengea mtumbwi, akampa na mkaa.

Kabla hajaanza, kijana mmoja aliuliza swali ambalo bila shaka waliulizana wao kwa wao wiki nzima.

"Papa Anatole, ni huyu mwalimu wako wa mashine? Ile iliyokula vidole?"

"Ni huyu," Anatole akasema. "Nilikuwa nakata, akaitwa biro, akaniacha peke yangu na mashine bila kifuniko."

Alilisema bila kupandisha sauti, kama unavyoeleza mti uliangukia upande gani. Vijana sita wakamgeukia Adalbert.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyemwacha. Nilimwambia endelea. Kisha nikaandika kwamba si mimi niliyesema, wakamfukuza."

Kijana aliyeuliza aliinamisha kichwa kama kwamba yeye ndiye aliyekosa. Adalbert aliuchukua mkaa. Akachora mstari wa kwanza, akaanza kueleza kipimo, jinsi kidole kimoja ubaoni kinavyoweza kusimama badala ya mita moja ziwani. Somo lilikwenda hadi mchana.

Aliporudi Kalemie alikwenda kwa prefe wa siku hizo, Mama Françoise, akamwomba faili la mwanafunzi wa mwaka wa sabini na sita. Walilitafuta pamoja kwenye stoo. Makaratasi yote ya miaka ile yalikuwa yameliwa na mchwa, yamebaki majalada yaliyojaa udongo.

"Haipo, Papa. Hakuna anayejua kama aliwahi kufukuzwa."

"Mimi najua."

Akaandika ukurasa mmoja, yaliyotokea yote, akatia sahihi na tarehe. Mama Françoise aliusoma, akamtazama, akaupiga muhuri. Akafungua jalada jipya lenye jina la Anatole, na ndani yake mkawa na karatasi hiyo moja. Nakala Adalbert aliipeleka Zongwe likizo iliyofuata. Anatole aliisoma amesimama, huku ameshika chakula mkononi.

"Umeandika vizuri. Ile ya kwanza ilikuwa na makosa ya Kifaransa."

"Wanaweza kukuruhusu ufanye mtihani. Nimeuliza. Kama mtu wa nje."

"Diploma nitaiweka wapi, Papa, na nyumba inavuja?" Akaikunja ile karatasi, akaingia ndani. Labda alimsomea mama yake. Adalbert hakuambiwa, naye hakuuliza.

Alikwenda Zongwe likizo tatu. Kalemie aliendelea na mwaka wa sita wake, meno sabini na mawili, mara elfu tatu kwa dakika, ijapokuwa msumeno ulikuwa hauzunguki tena. Clémentine alipoulizwa na dada yake kama mumewe amebadilika, alisema hapana, hajabadilika, ila siku hizi akirudi safari anaongea kidogo.

Likizo ya tatu Godelieve alimkwamisha. Vijana wengine walikuwa wameridhika kuchora mtumbwi kwa upande, na kwa juu. Yeye alikaa mbele ya ubao wake siku mbili, akachora akafuta, mkaa hadi viwikoni. Siku ya tatu alimwita mwalimu.

"Papa, huu ubao wa tumbo la mtumbwi unapinda huku, na unapinda na huku. Karatasi haipindi. Nitapima wapi?"

Adalbert aliinama akatazama. Maisha yake yote alikuwa amefundisha makabati, milango, mabenchi, vitu vyenye pembe. Aliweka rula, akaiondoa. Alimwita Anatole, naye Anatole akaja, akakuna shingo, akasema yeye huona tu.

"Sijui," Adalbert akamwambia msichana.

"Hujui?"

"Sijui. Lete kamba, yenyewe inapinda. Na misumari, ile midogo. Tutajaribu kuanzia mbele."